Picha 436, watu 416: shajara ya mradi wa kukadiria hatari ya demensia

Wiki ya 1

Lengo nimeliandika kwenye karatasi na kulibandika ukutani, juu ya meza: "Iingie picha moja ya MRI ya ubongo wa mzee, itoke namba moja ya hatari ya demensia." Daktari wa magonjwa ya ubongo aliyekubali kunishauri aliisoma, akavua miwani, akauliza, "Hatari ya lini?"

Nikamjibu kwamba hilo tutaliona huko mbele. Akarudisha miwani yake. "Haya, kijana wangu."

Demensia ni maradhi ya kudhoofika kwa kumbukumbu na akili. Data nimeichukua OASIS, mkusanyiko wa picha za ubongo uliotolewa bure na Chuo Kikuu cha Washington cha St. Louis, Marekani. Toleo la kwanza, la 2007, lina watu 416 wa umri wa miaka 18 hadi 96. Miongoni mwa waliofikisha miaka 60, watu 100 walikuwa wamekutwa na demensia, wengi wao ikiwa bado changa. Kila mtu alipigwa picha tatu au nne katika kikao kimoja kwenye mashine yenye sumaku ya nguvu ya tesla 1.5, kisha zikatafutiwa wastani ili chenga zipungue.

Jambo moja dogo: jedwali lina mistari 436, na watu ni 416. Nimeandika pembeni kwa penseli, nikaendelea na kazi. Ningejua.

Wiki ya 2

Kabla ya modeli yoyote nimekaa na kusoma lebo. Kipimo chao ni CDR: mtaalamu anamhoji mhusika, anamhoji na mtu anayemjua vizuri, kisha anampa alama. 0 hana demensia, 0.5 ni changa sana, 1 changa, 2 ya kati, 3 kali. Katika wale 100, watu 70 wana 0.5, watu 28 wana 1, na wawili tu ndio wana 2. Mwenye 3 hayumo.

Namba hizo zinaeleza ugumu wa kazi kuliko maneno yangu. Tumezoea kuonyeshwa picha mbili kando kwa kando: ubongo mzima, na ubongo uliosinyaa, mifereji imepanuka, vyumba vya maji katikati vimetanuka kama puto. Ule ni ugonjwa uliokomaa, hata mtoto angeuona. Mwenye 0.5 ni mtu unayeongea naye sebuleni, anakucheka, anakuuliza habari za watoto, kisha baada ya dakika kumi anakuuliza tena. Ubongo wake kwenye MRI mara nyingi unafanana na wa jirani yake wa rika moja ambaye hana tatizo. Mashine ndiyo inatakiwa ione tofauti hapo.

Nimejaribu jambo rahisi kwanza, bila picha: modeli ya miti inayosoma jedwali peke yake. Umri, jinsia, elimu, alama za MMSE (lile jaribio la kumbukumbu lenye alama 30), na ujazo wa ubongo uliokwisha kulinganishwa na ukubwa wa kichwa. Ikapata asilimia tisini na ushei. Jioni ile nilijipongeza sana.

Asubuhi nikaifungua ndani kuona inaamua kwa nini. Swali lake la kwanza kwa kila mtu: je, nafasi ya MMSE iko wazi?

Vijana wa OASIS hawakupewa jaribio la kumbukumbu. Nafasi zao ni tupu, nami nilikuwa nimezijaza -1 ili programu isilalamike. Modeli ikagundua kwamba mwenye -1 haumwi kamwe. Kweli kabisa, maana ana miaka 22. Hata bila hila hiyo, anayesema "wote wazima" kwa watu 416 anapata 76 kwa mia bila kufungua jicho, kwa sababu wazima ni 316.

Nimekata vijana wote. Wamebaki watu 198 wa miaka 60 na zaidi: 98 hawana demensia, 100 wanayo. Sasa anayebahatisha anapata nusu, na kila kinachozidi nusu ni jasho la haki.

MMSE nayo nimeitoa. CDR hutokana na mahojiano kuhusu kumbukumbu na uamuzi wa mtu. MMSE nayo hupima kumbukumbu na ufahamu wa mtu. Kutumia moja kutabiri nyingine ni kumpa mwanafunzi mtihani wenye majibu nyuma ya karatasi. Mradi huu ni wa picha.

Wiki ya 3

Wiki ya aibu, naiandika yote.

Mtandao-neva, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, ukiwa wa kusoma picha bapa ni rahisi kufunza, kuna mingi iliyokwisha kufunzwa kwa picha za kawaida na unaweza kuendelea nayo pale ilipoachwa. Basi nikakata kila ubongo vipande kama mkate, nikachukua vipande 40 vya katikati kwa kila mtu. Watu 198 mara 40, picha 7,920. Nikajiona tajiri wa data. Nikachanganya zote, nikatenga moja ya tano ya kujaribia, nikaacha kadi ya michoro ikiunguruma usiku kucha.

Karibu mia kwa mia.

Safari hii sikujipongeza. Mtu akikuletea habari nzuri kupita kiasi, unamtazama viatu. Nikatafuta picha za jaribio ambazo mtandao ulizipata kwa uhakika mkubwa, nikaangalia majina ya faili. Kipande cha 71 cha mtu fulani kilikuwa kwenye kujaribia. Cha 70 na cha 72 vya mtu yuleyule vilikuwa kwenye kufunzia.

Vipande viwili jirani vinapishana milimita moja. Ni kama picha mbili za uso mmoja, moja imepigwa sekunde baada ya nyingine. Mtandao haukuhitaji kujua chochote kuhusu demensia. Ulihitaji kumkumbuka mtu, na mitandao hii ni hodari mno wa kukariri sura. Nikagawa upya kwa watu: mtu akiingia kwenye kujaribia, anaingia na vipande vyake vyote. Alama ikaporomoka hadi sitini na ushei.

Niliona haya hadi niliposoma mapitio yaliyochapishwa 2020 na kundi la Junhao Wen, waliokusanya tafiti za mitandao ya aina hii kwa Alzheimer, ugonjwa unaosababisha demensia nyingi kuliko mwingine wowote. Waliona kwamba zaidi ya nusu ya tafiti walizozipitia huenda zilikuwa na uvujaji wa data wa namna moja au nyingine: kugawa kwa vipande, kuchagua modeli kwa kutumia seti ileile ya kujaribia, na kadhalika. Kwa hiyo mwenye aibu si mimi peke yangu, ila hilo halinipi usingizi. Tangu hapo, mtu akinionyesha asilimia 99 kwenye vipande vya MRI, swali langu ni moja: umegawa kwa nini, kwa picha au kwa watu?

Nilipomsimulia Daktari alicheka hadi akashika kiti. "Umetengeneza mashine ya kutambua watu. Wauzie polisi."

Wiki ya 4

Nimeachana na vipande, nimeingia kwenye ubongo mzima wa pande tatu. Picha iliyosawazishwa ya OASIS ina vokseli 176 kwa 208 kwa 176, yaani zaidi ya milioni sita na laki nne za vidonge vya milimita moja moja. Watu ni 198. Kila mtu mmoja anatakiwa kubeba mzigo wa vokseli zaidi ya elfu thelathini. Maji yamezidi unga.

Nilifunza modeli ileile mara tano, nikibadilisha tu namba ya kuanzia bahati nasibu. Majibu matano tofauti, na pengo kati ya la juu na la chini lilinitisha. Hapo nikapiga hesabu ambayo ningeipiga siku ya kwanza: seti yangu ya kujaribia ina watu 40. Mtu mmoja akihama upande, alama inasogea asilimia 2.5. Hata modeli ikiwa kweli ina usahihi wa 80, kwa watu 40 alama itakayoonekana inaweza kuanguka popote kati ya 68 na 92 kwa bahati tu. Wiki nzima nilikuwa nashangilia na kulia kwa sababu ya wazee wawili watatu.

Kuanzia leo natumia mzunguko: watu wote wanagawanywa makundi matano, kila kundi linapata zamu ya kujaribiwa, zoezi zima linarudiwa kwa migawanyo tofauti, na ninaandika wastani pamoja na mtawanyiko wake. Namba moja tupu haiingii tena kwenye shajara hii.

Nilitengeneza pia ramani za joto, zile zinazopaka rangi sehemu ambazo mtandao "umezitazama". Nilitegemea zing'ae kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu. Wapi! Ziling'aa kwenye kingo za ubongo na kuzunguka vyumba vya maji. Kuna maelezo ya heshima: ubongo ukisinyaa, kingo zinarudi ndani na vyumba vinapanuka. Kuna maelezo yasiyo ya heshima: kingo zinategemea programu iliyomenya fuvu imekata wapi, na mzee aliyetikisika ndani ya mashine ana kingo zenye ukungu. Mtu mwenye demensia hutikisika zaidi, maana kulala tuli ndani ya bomba lenye kelele kunataka ukumbuke kwa nini umelazwa pale. Modeli inaweza kuwa inasoma mtikisiko. Ramani ya joto haikuambii ni maelezo yapi ya kweli, inakuonyesha rangi tu, na rangi zinavutia macho kuliko zinavyostahili.

Wiki ya 6

Wiki ya 5 niliumwa mafua.

Nimerudi nyuma hatua moja: badala ya kuiachia mashine itafute yenyewe, nipime hipokampasi. Zipo mbili, kushoto na kulia, ndani ya pande za chini za ubongo, sentimita za ujazo tatu hadi nne kila moja kwa mtu mzima mwenye afya. Kumbukumbu mpya hupitia hapo, na Alzheimer huanza kula maeneo hayo mapema. Madaktari walikuwa wakiyakadiria kwa macho muda mrefu kabla ya mitandao hii. Kipimo cha Philip Scheltens cha 1992 hutoa alama 0 hadi 4 kwa kutazama picha tu. Daktari anakitumia hadi leo, na ana kasi ya kuudhi.

Nikapitisha picha zilizosawazishwa kwenye programu nyepesi ya kukata hipokampasi, nikapata ujazo, nikagawanya kwa ukubwa wa kichwa kama vitabu vinavyosema, kwa sababu mwenye kichwa kikubwa ana kila kitu kikubwa. Modeli ikaanza kudai kwamba wanaume wako hatarini kuliko wanawake kwa tofauti kubwa. Nilikuwa karibu kuandika aya nzima ya kufafanua ugunduzi huo.

Kilichoniokoa ni kuchezea jedwali nikiwa nasubiri chai ipoe. Lina safu mbili: makadirio ya ujazo wa fuvu, na kizidishio kilichotumika kunyoosha kichwa kifanane na kichwa cha mfano. Zizidishe mstari wowote, unapata 1755 hivi. Mstari unaofuata, 1755 hivi. Ni habari moja iliyoandikwa mara mbili, moja ikiwa kinyume cha nyingine.

Ndipo nikashtuka. Picha zilizosawazishwa zimeshanyooshwa. Kila kichwa kimekwisha kuvutwa au kubanwa kilingane na cha mfano, hivyo hipokampasi niliyoipima ilikuwa imelinganishwa tayari. Mimi nikaigawanya mara ya pili. Wenye vichwa vikubwa, ambao wengi ni wanaume, wakaonekana wana hipokampasi zilizosinyaa. Ugunduzi wangu ulikuwa kosa la kugawanya.

Nimepima upya kwenye picha za asili, kwa programu nzito inayochukua saa kadhaa kwa kila ubongo, nikagawanya mara moja tu. Pengo la wanaume na wanawake likayeyuka karibu lote. Faili la zamani sijalifuta, nimelipa jina "usirudie".

Wiki ya 7

Matokeo yasiyopendeza kuonyesha kwa watu: regresheni ya lojistiki, hesabu rahisi ya takwimu, yenye vitu vitatu (umri, ujazo wa hipokampasi, ujazo wa ubongo mzima) inakwenda sambamba na mtandao wa pande tatu uliokula wiki mbili za kadi ya michoro. Mitawanyiko yao inapandana. Kwa watu 198, siwezi kusema kwa uaminifu kwamba mmoja amemshinda mwenzake.

Sisemi mitandao mikubwa haina maana. Ipewe makumi ya maelfu ya picha, kama zile za UK Biobank, hazina ya data za afya ya Uingereza, waliojiwekea lengo la kupiga watu 100,000, ni habari nyingine. Ila kwa mtu mwenye data ya ukubwa huu, naona mtandao ni njia ya gharama kubwa ya kufika palepale, tena bila kuweza kumweleza Daktari umefikaje.

Wiki ya 8

Zile alama za penseli za wiki ya kwanza zimenirudia. Mistari 436, watu 416.

Wale 20 wa ziada ni vijana wasio na demensia waliorudi kupigwa picha mara ya pili ndani ya siku 90. Faili zao zinaishia na MR2. Kwenye kazi ya wazee hawakunidhuru, kwa sababu nilishawakata vijana. Ila wiki hii nilikuwa nimeanza kitu kingine kinachowahitaji vijana, nikawaingiza wote 436, na mtu yuleyule akakaa pande zote mbili za ukuta. Uvujaji uleule wa wiki ya 3, safari hii umevaa kanzu.

Baada ya kuwatoa nikagundua kwamba nilikuwa naitupa dhahabu. Ubongo wa kijana mwenye afya haubadiliki kitu ndani ya siku 90. Kwa hiyo tofauti yoyote ya hipokampasi kati ya picha yake ya kwanza na ya pili ni makosa ya kipimo changu: mkao wa kichwa, mashine kuamka vibaya, programu kusita mpakani. Nikapima wote 20 mara mbili. Kwa baadhi yao tofauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka kuiona.

Linganisha na jambo lenyewe. Mzee mwenye afya hupoteza asilimia moja hadi moja na nusu hivi ya hipokampasi kwa mwaka. Mwenye Alzheimer hupoteza kama asilimia tatu hadi tano. Ukitaka kuwatenganisha kwa picha mbili zilizopishana mwaka mmoja, rula yako isiwe inayumba kwa asilimia hizohizo. Kwa mtu mmoja mmoja, kipimo changu kinayumba. Kwa wastani wa kundi kinafaa. Nimeiandika sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu, kwa sababu ndiyo itakayosahaulika kwanza siku mtu atakapotaka programu hii ya kubonyeza kitufe.

Kitu kile kingine chenyewe ni umri wa ubongo. Unafunza modeli kwa wazima 316 ikisie umri kutokana na picha, kisha unaipa ubongo wa mtu: akiwa na miaka 70 na modeli ikasema 76, zile sita za ziada unazichukulia kama dalili. Inapendeza kuielezea, kila mtu anaielewa papo hapo, na kila mtu anataka kujua namba yake. Lakini modeli za namna hii huvuta kila mtu kuelekea katikati. Vijana huambiwa wamezeeka, wazee huambiwa bado wabichi. Bila kusahihisha mvuto huo, wazee wangu wote, wagonjwa kwa wazima, walikuwa na ubongo "mchanga". Nimesahihisha, pengo likabaki na maana fulani, ila likikaa pamoja na hipokampasi kwenye modeli moja haliongezi mengi. Nimeliweka kabatini.

Wiki ya 10

"Hatari ya lini?"

Haya, tumefika huko mbele. Kwa wiki tisa nilikuwa nikitenganisha watu wenye demensia na wasio nayo, siku ileile waliyopigwa picha. Huko ni kutambua. Hatari ni habari ya mtu ambaye leo yu mzima. Karatasi ya ukutani inasema hatari, na kazi yote niliyofanya haijaigusa. Daktari alijua tangu siku ya kwanza, akanyamaza ili nijue mwenyewe. Nimemwambia si vizuri. Amesema ndivyo alivyofundishwa yeye.

Nimefungua OASIS ya pili: watu 150 wa miaka 60 hadi 96, waliorudi mara mbili au zaidi kwa kupishana angalau mwaka, vikao 373 kwa jumla. Watu 72 walibaki wazima muda wote, 64 walikuwa na demensia tangu mwanzo, na 14 waliingia wazima wakabadilika baadaye.

Kumi na wanne. Hao ndio mradi wangu. Wale 64 hawanifai, wameshavuka. Kuna kanuni ya zamani ya mkono kwamba kwa kila kigezo unachoweka kwenye modeli uwe na matukio kumi hivi. Ninayo matukio ya kigezo kimoja na nusu.

Na mtego upo. Nilipoweka idadi ya vikao kama kigezo, modeli ilichangamka ghafla. Bila shaka ingechangamka: mtu aliyefuatiliwa muda mrefu ana nafasi kubwa zaidi ya kukutwa akibadilika, na aliyekuja mara mbili kisha akaacha ameandikwa "mzima" ingawa hakuna ajuaye yaliyompata mwaka uliofuata. Huyo si mzima, ni mtu tuliyeacha kumtazama. Kumhesabu mzima ni kosa, kumtupa nako ni kosa. Njia yake ni uchambuzi wa muda hadi tukio, ule wa David Cox wa 1972: kila mtu anachangia miaka aliyotazamwa, basi, na anapoondoka anaondoka bila kupewa lebo.

Nimeendesha modeli ya Cox kwa kigezo kimoja, hipokampasi iliyosahihishwa kwa umri. Mwelekeo ni ule unaotegemewa: ndogo zaidi, hatari zaidi. Upana wa makadirio ni wa kupitisha lori.

Nimejiliwaza kwa kusoma tena kuhusu TADPOLE, shindano lililoanza 2017 ambapo timu 33 zilipewa data ya ADNI, mradi mkubwa wa kufuatilia Alzheimer kwa picha na vipimo, na kuombwa kutabiri yatakayowapata watu baadaye. Utambuzi wa daktari na ukubwa wa vyumba vya maji vilitabirika vizuri. Alama za jaribio la akili hazikutabirika vizuri kuliko kubahatisha. Timu 33, wataalamu, na data ambayo mimi naiota.

Wiki ya 11

Shangazi yangu amesikia ninachofanya. Ana picha ya MRI aliyopigwa kwa sababu ya maumivu ya kichwa, anayo kwenye diski. "Nipitishie na mimi kwenye hiyo mashine yako, mwanangu. Nataka kujua nijipange."

Nimekataa, akanuna siku mbili. Kwa kuwa aliniuliza sababu, nimeandika hesabu niliyomwonyesha.

Tuseme nina modeli nzuri kuliko niliyo nayo: katika kila 100 watakaopata demensia inawashika 85, na katika kila 100 wasiopata inawaachia 85. Ndani ya OASIS, ambako waliandikishwa wagonjwa na wazima karibu sawa kwa sawa, kengele ikilia inakuwa sahihi mara 85 kati ya 100. Sasa ipeleke kwa wazee 1,000 wa kawaida ambao, tuseme, 100 kati yao ndio watakaougua katika muda unaouliza. Itawashika 85. Na itawalilia kengele 135 katika wale 900 ambao hawatougua. Kengele 220, za kweli 85. Zaidi ya nusu ya waliotishwa wametishwa bure.

Ubaya zaidi ni kwamba modeli haijui imehama. Ilijifunza katika chumba ambacho nusu ya watu ni wagonjwa, hivyo inamwambia mtu "asilimia 70" kwa lugha ya chumba kile. Ukiitafsiri kwa watu ambao mmoja kati ya kumi ndiye atakayeugua, asilimia 70 ile inakuwa kama 21. Namba moja, ubongo mmoja, maana mbili. Kutafsiri ni mstari mmoja wa programu, lakini unatakiwa ujue kiwango cha ugonjwa kwa watu unaowapelekea, na ukikosea hicho umekosea yote.

Juu ya hapo picha yake ilipigwa mara moja, kwenye mashine nyingine yenye nguvu nyingine ya sumaku, kwa mpangilio wa kutafuta sababu za maumivu ya kichwa. Modeli yangu imelelewa kwa picha za wastani wa tatu au nne kutoka aina moja ya mashine. OASIS ya kwanza na ya pili zote ni za kituo kilekile, kwa hiyo hata nikisema nimejaribu kwenye data mbili, nimejaribu kwenye nyumba moja nikitoka chumba hadi chumba.

Shangazi alisikiliza yote. "Kwa hiyo haifanyi kazi."

Inafanya, Shangazi. Haijui tu kuzungumza na mtu mmoja.

Alipoondoka nilimpigia Daktari kumuuliza angemwambia nini. Akasema angemuuliza anasikia vizuri, presha yake ikoje, analala vipi, anatembea kiasi gani, na kama kuna mtu nyumbani aliyeona mabadiliko. Mengi ya hayo yamo katika visababishi 14 vinavyoweza kurekebishwa vilivyoorodheshwa 2024 na jopo la jarida la The Lancet, jopo lililokadiria kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani inahusiana navyo. Hakuna hata kimoja kinachohitaji kadi ya michoro. Nimemwekea Shangazi miadi ya kupimwa presha na masikio.

Wiki ya 12

Nimebandua karatasi ya ukutani na kuandika nyingine. Imechukua nafasi kubwa zaidi:

"Kwa mtu wa miaka 60 na zaidi ambaye kwa sasa CDR yake ni 0, mwenye picha ya T1 (aina ya MRI inayoonyesha umbo la ubongo) iliyopita ukaguzi wa mtikisiko: kadirio la uwezekano wa kufikia CDR 0.5 ndani ya miaka mitatu, pamoja na upana wa kadirio hilo, likisomwa na daktari kando ya umri na historia yake. Picha isiyofanana na zile za kufunzia irudishwe bila namba."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyonichukua muda kuiandikia programu. Hadi jana modeli ilikuwa inajibu chochote unachoiwekea. Niliipa picha ya goti, ikanipa asilimia. Sasa inapima kwanza kama ubongo ulioletwa unafanana na zile ilizofunzwa nazo, na inakataa kama haufanani. Picha ya Shangazi (alinipa diski kwa ajili ya jaribio hili tu, nami nimeapa kutotazama namba) imekataliwa.

Daktari amesoma karatasi mpya. Ameuliza kwa nini miaka mitatu. Nimemwambia kwa sababu data yangu inaishiwa watu baada ya hapo. Amechukua kalamu yangu nyekundu, akapigia mstari neno "mitatu", akaandika pembeni: sababu iandikwe.

Inayofuata: kuomba ruhusa ya data ya ADNI, ambako waliobadilika ni wengi zaidi na mashine ni za aina nyingi. Fomu inauliza lengo la utafiti kwa maneno machache. Nina rasimu nne.